Kiwambo Kwenye Urojo

Najua mshaisikia. Mwenzangu kaitangaza pale Jaws Corner, barazani Mji Mkongwe, kwamba fundi wa santuri kafumaniwa anakula santuri. Basi pokeeni na yangu.

Kichwa cha sauti, kile cha santuri kinachoshika sindano na kutoa sauti, ni cha aina ya Exhibition, cha mzee mmoja wa Malindi mwenye sahani za muziki za Siti binti Saad, zile zilizorekodiwa Bombay 1928. Kilikuwa kinakoroma. Ile mipira miwili inayobana kiwambo, yaani kile kiduara chembamba kinachotikisika kikatoa sauti, mbele na nyuma, imekauka kama ubao, na mpira ukikauka kiwambo hakichezi. Nikalainisha tone la nta katikati, nikafungua skrubu inayoshika mkono wa sindano, kiwambo kikatoka. Ni ulanga huo, lile jiwe la matabaka linalopitisha mwanga kama kioo, wembamba wa karatasi. Nikakilaza mezani, nikakata mipira mipya. (Mnaouliza: ncha zikutane bila kupandana wala kuacha mwanya. Upepo ukivuja, sauti inakonda.)

Umeme ulikuwa umekatika. Mwenzangu, kabla hajakaa na bakuli lake la urojo, kaiwasha swichi ya feni, "ukirudi tupate upepo."

Ukarudi.

Feni ikazunguka moja, ya pili. Kiwambo kikainuka ukingo. Kikasimama wima, kikameta, kikaiacha meza. Kikapita juu ya kijiko cha mwenzangu, kijiko chenyewe kiko njiani kwenda mdomoni, kikatua baina ya bajia na kachori. Kikaelea kidogo. Kisha kikazama taratibu, na chatne ikajifunga juu yake.

Kijiko hakifai, kitachana matabaka. Nikatia vidole. Sasa ulanga ndani ya urojo utauonea wapi? Kila nikishika, chipsi za muhogo. Ndipo nikasikia "Hodi!" Mkono umo bakulini mpaka kifundoni, bakuli si langu, na mwenye santuri yuko mlangoni.

"Vipi kazi, fundi?"

"Naitafuta sauti, mzee wangu."

Hilo ndilo mnaloniitia njiani siku hizi. Sawa.

Mengine mafupi. Nikakisuuza kwa maji baridi, kikakauka kivulini, ukingo haukufumuka. Nikakipachika, mkono wa sindano ukagusa katikati bila kukisukuma wala kukivuta (ukikivuta, mkoromo unarudi), nikakaza, tone la nta, sindano mpya, maana ya chuma ni ya upande mmoja tu wa sahani. Mzee kasikiliza, kalipa, kaondoka.

Na ule urojo mwenzangu aliumaliza wote. Hilo barazani hakulifikisha.