Dakika ya Ngapi?

Jumapili ile tulikuwa watu saba Katuba, mtaa wa Lubumbashi, chini ya mwembe, kwenye parseli (kiwanja chenye nyumba) ya yaya mmoja anayetengeneza simu. (Kwetu Lubumbashi yaya ni kaka au dada mkubwa, hata kama hamkuzaliwa tumbo moja.) Bafle, yaani spika, lilikuwa juu ya stuli, na ndani ya simu kulikuwa na kadi yenye The Overview ya Mwingereza Steven Wilson, albamu iliyotoka tarehe 14 Machi 2025. Ina nyimbo mbili tu: wa kwanza dakika 23, wa pili dakika 18. Wimbo wa kwanza ulikuwa haujafika nusu, kijana mmoja wa chuo kikuu anayepiga gitaa kanisani akasimama, akajipangusa suruali. "Hii imelala," akasema. "Anaimba kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto." Kabla wimbo haujaisha umeme ukakatika. Tukabaki tunabishana gizani, na ubishi huo tunao hadi leo: maoni ya mtu aliyesikiliza albamu mara moja, tena nusu, yana uzito gani?

Si sisi peke yetu tunaoulizana hivyo. Kila albamu mpya ya roki inapotoka, hasa ile roki ya progresivu yenye nyimbo ndefu zinazobadilisha mwendo katikati, wasikilizaji wanagawanyika ndani ya saa chache. Hawa wanasema hakuna kazi kama hii, wale wanasema bendi imekwisha. Dream Theater walipotoa Parasomnia tarehe 7 Februari 2025, mpiga dramu Mike Portnoy alikuwa amerudi bendini baada ya kuondoka mwaka 2010. Wapenzi wake wakasema nyumba imejaa tena. Waliochoka nao wakasema wanajirudia. Niliyasoma maoni mengi ya siku ile, na kilichonisumbua ni kwamba karibu yote yangeweza kuandikwa kabla ya mtu kusikia hata sauti moja ya albamu yenyewe. Watu walikuwa wanazungumzia kuondoka na kurudi kwa mtu.

Hata hivyo sipendi jinsi wazee wa roki wanavyowafukuza vijana kwa maneno ya "sikiliza mara tano kwanza". Yule kijana wa Katuba alikuwa na hoja. Muziki unaingia mwilini kabla haujaingia akilini. Hakuna mtu Kamalondo aliyewahi kuombwa asikilize rumba mara tano ndipo ainuke kucheza. Na subira ya muziki ina bei. Faili ya ubora wa juu inakula mega mbili na nusu hivi kwa kila dakika. Albamu ya Wilson ni mega 100, ya Dream Theater yenye dakika 71 ni mega 170. Mwambie mwanafunzi aisikilize kwa intaneti mara tano, umemwambia anunue karibu giga nzima kwa ajili ya bendi asiyojua kama ataipenda. Atanunua mikate.

Sikio la siku ya kwanza lina faida nyingine pia: halijapindishwa. Nimeliona hilo kwangu mwenyewe. Mara ya kwanza Parasomnia ilinichosha. Kufikia mara ya sita nilikuwa naisifu mbele za watu, na nilipojiuliza nimegundua nini kati ya mara ya kwanza na ya sita, sikupata jibu. Nilikuwa nimeizoea tu. Mapenzi ya mazoea ni rahisi kuyachanganya na ugunduzi, na wapenzi wa progresivu tunaanguka hapo mara nyingi kuliko tunavyokubali.

Lakini upande wa pili una hoja ambayo naiona nzito zaidi, na inaanza na swali la nani aliyetufundisha urefu wa wimbo. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, Mwenda alipiga gitaa moja likasikika kama mawili, akamaliza ndani ya dakika tatu hivi. Si kwamba vidole vyake vilikuwa vimechoka. Santuri ya wakati ule, ile ya mizunguko 78 kwa dakika, ilikuwa imejaa. Baadaye ikaenea santuri kubwa inayobeba zaidi ya dakika 20 kila upande, na ndipo bendi za progresivu za miaka ya 1970 zikaanza kutunga wimbo mmoja wa kujaza upande mzima. Nyimbo mbili za Wilson ni pande mbili za santuri hiyo. Leo Spotify inahesabu wimbo kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30, na watungaji wengi wanakimbilia kuweka kiitikio mapema kabla msikilizaji hajahama. Kwa hiyo anayesema "nasikiliza kwa sikio langu tu" naye sikio lake limekatwa na mashine fulani, kama lilivyokatwa la babu yake.

Tena sisi Wakongomani hatuna haki ya kulalamikia urefu! Mario ya Franco, ya mwaka 1985, ni dakika 14 hivi, na imepigwa katika kila sherehe niliyohudhuria utotoni. Fally Ipupa alitoa Formule 7 mwishoni mwa mwaka 2022 ikiwa na nyimbo 30. Nenda arusi yoyote Ruashi uone kama kuna mtu anaondoka kabla ya sebene, ile sehemu ya mwisho ya magitaa na kucheza. Tofauti iko kwenye kungoja. Katika rumba najua ninachongojea: gitaa litafunguka, mwimbaji atanyamaza, miguu itapata kazi. Katika progresivu ninangoja bila kuambiwa nangoja nini. Sauti niliyoisikia dakika ya tatu inaweza kurudi dakika ya ishirini imevaa nguo nyingine, na kama nilikuwa nimeinuka kwenda zangu, kwangu haikurudi kamwe. Maoni ya nusu ya wimbo kama huo ni sawa na maoni ya nusu ya kesi.

Neno kesi linanipeleka kwa Opeth. Waswidi hao walitoa The Last Will and Testament tarehe 22 Novemba 2024, na siku hiyo maoni yalikuwa juu ya jambo moja: Mikael Åkerfeldt amerudisha sauti ya kunguruma kooni, ambayo haikuwa imesikika kwenye albamu zao tangu mwaka 2008. Waliofurahi walifurahi kwa hilo, waliokasirika walikasirika kwa hilo.

Katuba mambo yalikwenda vingine, kwa sababu mwalimu mmoja wa Kiingereza alikuja na maneno ya nyimbo kwenye karatasi, akawa anatafsiri baada ya kila wimbo. Hadithi ni ya baba tajiri aliyekufa miaka michache baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Wosia wake unasomwa mbele ya watoto watatu. Nyimbo saba hazina jina, zina alama ya kifungu na namba tu, kama hati ya mwanasheria. Mapacha wanaambiwa si damu ya marehemu, na mali inakwenda kwa binti aliyeugua polio. Mama mwenye nyumba alikuwa pembeni anachambua sombe, yaani majani ya muhogo. Akaacha. "Huyo mtoto mgonjwa watamfukuza kwenye parseli," akasema, na hakuna aliyembishia, maana kila mmoja wetu anajua parseli moja ambako matanga yalimalizikia kwa mwanasheria. Mwalimu akasoma wimbo wa nane, ule wenye jina: barua inafika na kusema kwamba binti huyo naye si mtoto wa marehemu. Mama akapiga makofi mara moja, akarudia sombe zake. Mchana mzima hakuna aliyezungumzia kunguruma. Na kwa nilivyosikia mimi, anayenguruma ni baba mwenyewe, maiti inayosema kwa karatasi. Mtu aliyeandika siku ya kwanza kwamba sauti hiyo ni nzuri au mbaya alikuwa bado hajauliza ni sauti ya nani.

Ningeishia hapo, ubishi ungekuwa umekwisha na wazee wa subira wangekuwa wameshinda. Kuna albamu inayonizuia. WITCH ni bendi ya Zambia, ya zamrock, ile roki iliyowaka miaka ya 1970 kwenye miji ya shaba ng'ambo ya Kasumbalesa, mpaka ambao kwa gari ni safari ya kilomita 90 hivi kutoka hapa. Wanamuziki wengi wa kundi la zamani wameshakufa. Amebaki mwimbaji Emmanuel Chanda, maarufu kwa jina la Jagari, na Patrick Mwondela wa kinanda aliyejiunga baadaye, na pembeni yao vijana wakiwemo Waholanzi. Mwaka 2023 walitoa Zango, ya kwanza baada ya karibu miaka 40, na mwaka 2025 wakatoa Sogolo. Wazee wawili wa Kampemba waliokuwa na santuri za zamrock ujanani walisikiliza Zango mara moja wakasema: safi mno, imeoshwa. Gitaa lile la zamani lilikuwa linakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye mawe. Vijana wakakasirika, kwa sababu kwao ilikuwa fahari kusikia watu wa jirani kwenye roki inayosikilizwa Ulaya, tena na mwanarap Sampa the Great, mzaliwa wa Zambia, kwenye wimbo mmoja.

Nimeisikiliza mara nyingi tangu siku hiyo, na juu ya sauti wazee bado wana haki. Kurudia hakujabadilisha chochote. Ninapoachana nao ni pale waliposema basi hii si WITCH. Sauti ya mtu mwenye umri wa Jagari haiwezi kuwa na vumbi la kijana wa mgodini, na kuitengeneza kwa mashine ili isikike chafu kungekuwa udanganyifu.

Kwa hiyo najaribu kutenganisha. Mtu akiniambia siku ya kwanza kwamba dramu zimemeza sauti, kwamba mwimbaji hafiki juu, kwamba rekodi imeoshwa, namwamini. Masikio hayahitaji mwezi kwa hayo. Akiniambia siku ya kwanza kwamba albamu haina mpango, haina hadithi, haiendi popote, namsubiri. Na kundi letu sasa lina sheria: anayesifu au kutukana aseme dakika ya ngapi. Nusu ya maneno yamenyamaza tangu tuiweke, na walionyamaza zaidi ni mashabiki. Kusema "kazi ya ajabu" ni rahisi. Kusema "dakika ya kumi na mbili, besi inapobaki peke yake" kunadai uwe umefika huko.

Sheria hii haitoshi kila mahali. Kwenye wimbo uliobeba jina la albamu ya David Gilmour ya mwaka 2024, Luck and Strange, kuna kinanda cha Richard Wright, mwenzake wa bendi ya Pink Floyd, kilichorekodiwa mwaka 2007; Wright alikufa mwaka uliofuata. Ukishajua hivyo, hakuna dakika moja utakayoionyesha kwa kidole. Wimbo wote umebadilika, na aliyeusikiliza bila kujua hakukosea.

Yule kijana wa gitaa alichukua albamu ya Wilson kwenye kadi yake. Hilo nalo tulikuwa tumelisahau tulipokuwa tunahesabu mega: ukishakuwa nayo kwenye kadi, unarudia bure, na mwanafunzi anayetembea kwa miguu hadi chuoni ana saa nyingi za kusikiliza kuliko mwenye gari. Alirudi baada ya wiki tatu. Akasema gitaa la Randy McStine mwishoni mwa wimbo wa kwanza ameanza kulitafuta kwa vidole, na ameshalipata robo. Halafu akasema dakika za mwanzo bado zimelala. Sasa anajua kwa nini zimewekwa hapo, na bado zimelala. Akaomba tuanzie wimbo wa pili, pale mke wa Wilson anapotaja ukubwa wa vitu angani, tarakimu juu ya tarakimu. Umeme ulikuwapo. Yaya akasogeza stuli kivulini na kuongeza sauti.