Trekta Linalojikojolea

Jamani, nani kati yenu amewahi kuona trekta linalojikojolea? Njooni kwetu Muheza mlione, kiingilio bure. Kila nikiliegesha, chini panatota oili nyekundu, na wapita njia wananiuliza nimechinja nini.

Kazi yetu ni kukata majani ya Rhodes, yakauke, yafungwe marobota, ng'ombe wa maziwa wapate cha kutafuna kiangazi. Majani hayo yakishachanua hayana subira: kila siku yanazidi kukomaa, mwishowe ng'ombe mwenyewe anayasusa. Na pampu ya stelingi, ile inayosukuma oili ili usukani uwe mwepesi, imesubiri wakati huo huo ndiyo ivuje. Masika nzima trekta limelala bandani, haikudondosha hata tone. Ina kalenda yake.

Ukitaka kujua mtaa wako una mafundi wangapi, egesha kinachovuja. Bodaboda: "Paipu hiyo." Muuza maandazi: "Kaza nati." Mzee jirani, ambaye maisha yake yote kamiliki baiskeli tu, akakohoa, akatangaza kuwa injini imekufa. Fundi wa gereji sasa, tena wa kulipwa, akainama, akaona tone linaning'inia kwenye nati ya chini, akaikaza mpaka ikalia. Kesho yake, dimbwi lile lile. Fundi mzima hajui kuwa oili huteremka? Inatokea juu, inatambaa na bomba, feni inaipeperusha upande wa pili, inadondokea pasipohusika kabisa.

Nikaliosha lote kwa dizeli, nikalikausha, nikaenda kuomba poda ya mtoto.

"Poda ya nani?" mama watoto akauliza.

"Ya trekta."

"Mtoto ana vipele vya joto, baba yake anapodoa trekta!"

Nikapewa kiduchu, na masimango juu. Nikanyunyiza pampu na mabomba yake, injini ikawashwa, nusu ya poda ikarukia usoni kwangu. Dogo, msaidizi wangu, akazungusha usukani hadi mwisho, kushoto, kulia, maana hapo ndipo presha inapanda. Bomba la presha, kavu. Paipu ya kurudishia, kavu. Nyuma ya puli, gurudumu la mkanda, inapotokea shafti, ule mhimili unaozungusha pampu, poda imekuwa uji mwekundu. Sili ya shafti hiyo! Dogo akataka kupapasa kwa kidole, nikamvuta shati. Oili ya presha ikipata katundu inatoboa ngozi na kuingia mwilini. Papasa kwa kipande cha boksi, tena ukae mbali na mkanda.

Sili yenyewe ni kiduara cha mpira cha kuzuia oili isipenye kando ya shafti, inaingia mfukoni. Muuzaji alipotaja bei nilimuuliza kama inakuja na trekta. Fundi naye akataka aibandike hivyo hivyo, wakati shafti imechimbika mfereji pale sili inapogusa, na bushi, kile kikombe kinachoishika shafti, imelegea inacheza. Sili mpya hapo si italiwa mara moja? "Tutaona," akasema. Utaona wewe, mimi ndiye dereva!

Nikampigia bosi tununue pampu. "Si uongeze oili tu?" Niongeze! Ikipungua pampu inavuta hewa, oili inatoka povu, pampu inalia, usukani unakuwa mgumu, kila kona nakata kwa kifua na mabega. Juzi kaja shambani, akanitazama, akamwambia mgeni wake kuwa vijana wake wananawiri. Eti ni ugali anaotulisha.