Kocha wa Meneja na Msimu wa Korosho

Baadhi ya kampuni na taasisi nchini zimeanza kuwalipia viongozi wao makocha binafsi, yaani watu wanaozungumza na kiongozi faraghani, uso kwa uso au kwa simu ya video, ili kumsaidia afanye kazi yake vizuri bila kuitupa nyumba yake. Mtwara na Lindi, pamoja na viwanda, gesi, bandari na korosho zake, zina mameneja wengi wanaohitaji msaada wa namna hiyo. Ninachotaka kupima ni kama kocha ndiye dawa ya shida yao, au kama analetwa kutibu mahali pasipouma.

Wanaounga mkono huduma hii wana hoja nzito. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Juu ya hayo, kiongozi ni mpweke kuliko anavyoonekana. Hawezi kuwaeleza walio chini yake kwamba amechoka, na akimweleza aliye juu yake huogopa kuonekana hafai, hasa kama amehamishiwa huku peke yake na familia imebaki Dar es Salaam kwa ajili ya shule za watoto.

Wala wazo lenyewe si geni kwetu. Katika unyago, mwari huwekewa somo ambaye si mama yake mzazi, kwa kuwa yako maneno ambayo mtu hawezi kuyasema wala kuyasikia mbele ya mzazi wake. Kocha anakaa katika nafasi hiyohiyo. Tofauti, nayo ni kubwa, ni kwamba somo anajulikana na ukoo, anabaki na mwari wake miaka mingi, na huwajibika kwake. Kocha wa meneja analipwa na mwajiri, na kazi ya ukocha haina leseni ya serikali ya kumzuia yeyote kujiita kocha. Meneja anayefikiria kuacha kazi atasemaje mbele ya mtu ambaye ankara yake inakwenda ofisi ya rasilimali watu? Pasipo mkataba unaotaja wazi kwamba yaliyosemwa hayatatoka, vikao hivyo vitajaa maneno salama tu, na maneno salama hayamponyi mtu.

Lakini wasiwasi wangu mkubwa uko kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Hata hivyo, sehemu hiyo ya saa za kazi haiwahusu wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kwa maneno mengine, meneja ameachwa nje ya ua. Mwajiri anayemletea kocha wa kumfundisha kupanga muda, huku akiendelea kumpigia simu saa nne usiku, amegeuza upungufu wa utaratibu wa kazi kuwa upungufu wa mtu.

Mchukue meneja wa chama kikuu cha ushirika mwezi Novemba, minada ya korosho ikiwa imepamba moto. Maghala yamejaa, malori yamepanga foleni, na mkulima wa Tandahimba anasubiri fedha yake iingie benki. Kocha akimshauri azime simu saa kumi na mbili jioni, atakuwa amemshauri vibaya, kwa sababu mkulima yule ana haki ya kujibiwa. Mizani ya kazi na nyumba huku haiwezi kupimwa kwa siku. Hupimwa kwa mwaka mzima, kazi ikizidi msimu wa korosho na nyumba ikirudishiwa haki yake msimu ukiisha.

Na nyumba yenyewe ni pana kuliko inavyodhaniwa na mtu asiyeijua Kusini. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, ambao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mwanamume ni mjomba kabla hajawa bosi. Watoto wa dada zake wanamtazama kwa ada, kwa jando, kwa posa. Meneja mwanamke naye akitoka ofisini anakuta mgonjwa, wageni na msiba vinamsubiri, na hakuna anayemwuliza kama amechoka. Kocha anayehesabu mke, watoto na mazoezi ya asubuhi peke yake kuwa ndiyo maisha binafsi ameacha nje nusu ya mzigo.

Kwa hiyo sipingi kocha, ila ningemweka nafasi ya pili. Kwanza mwajiri akubali kwamba siku 28 za likizo ya mwaka zinazotolewa na sheria hiyohiyo zichukuliwe kweli, kwa mfululizo, mwezi Machi au Aprili. Amkaimishe msaidizi wa meneja kwa maandishi, akiwa na mamlaka kamili ya kutia saini benki na kutoa mzigo ghalani, ili simu ya aliye likizo isiwe na sababu ya kulia. Baada ya hapo aletwe kocha, achaguliwe na meneja mwenyewe, na taarifa pekee inayomrudia mwajiri iwe idadi ya vikao vilivyofanyika.