Mzimamoto hajui joto lake
Eti mzimamoto akizidiwa na joto atajijua na kutoka mwenyewe, kama makala moja niliyosoma inavyodai? Nimevaa gwanda la kuzimia moto, mtungi wa hewa mgongoni, mchana wa Februari hapa Mombasa, na nakataa. Jasho likinaswa ndani ya koti halikauki, basi halipoozi mwili, na unyevu wa hewa yetu huku ndio unaongeza tabu. Ukitoka na kuvua kofia, upepo wa bahari unakupiga, unasema "niko sawa", kumbe joto la ndani laweza kuwa limepita nyuzi 38 na bado linapanda hata ukiwa umekaa kivulini. Halafu nani atakiri kachoka mbele ya wenzake! Kutumbukiza mikono hadi viwiko kwenye ndoo ya maji baridi husaidia kweli, wala si ghali. Wenzangu wa Kisumu na Nairobi, kwenu mnapimwa joto la mwili au mnaulizwa hali tu?