Duara la Kijani, Duara la Kahawia

Ndege ndogo ikishapaa Kisongo na kushika njia ya magharibi, migomba ya Arusha huisha ghafla na maboma ya Wamaasai huanza: duara la kahawia hapa, jingine kule, katikati vijia vya ng'ombe. Safari moja, abiria jirani yangu alichungulia dirishani akasema, "Huku patupu kabisa, hamna kitu."

Nilimezea, ila kauli yake haijanitoka. Anayeyatazama makazi ya nchi kame kutoka angani anaona zaidi yetu, au anaona rangi tu?

Jicho la juu lina kazi yake, sibishi. Timimoun, katika jangwa la Algeria, ukipita kwa miguu utaona shimo hapa na kifusi pale. Kutoka juu mashimo hayo yanajipanga mstari hadi kwenye mitende, na unang'amua kwamba chini yake kuna foggara, handaki linaloleta maji kwa mteremko tu, bila pampu. Hata Engaruka yetu, kule Monduli, ni hivyohivyo. Chini unajikwaa kwenye mawe. Kwenye picha ya angani mawe yaleyale ni vishamba na mifereji ya wakulima walioondoka karne kadhaa zilizopita.

Tatizo ni rangi. Kufra, kusini mashariki mwa Libya, kuna maduara ya kijani yenye upana wa takriban kilomita 1, yanayomwagiliwa na bomba refu linalozunguka. Ukiyaona utadhani jangwa limeshindwa. Kumbe maji yale yaliingia ardhini maelfu ya miaka iliyopita, Sahara ilipokuwa na mvua, na yakivutwa hayarudi. Saudi Arabia nayo ilistawisha ngano kwa mtindo huo, hadi mwaka 2008 serikali ilipoamua kupunguza ununuzi wa ngano ya ndani hatua kwa hatua ili kuokoa maji.

Boma, kinyume chake, kutoka juu ni kama kovu. Shuka uingie: uzio wa miiba, zizi, samadi inayodidimia chini ya kiatu. Familia ikihama, mbolea hiyo inabaki. Huko Longido mzee mmoja alinionyesha lilipokuwa boma la babu yake. Sikuona hata nguzo, ila nyasi nzito kuliko za jirani, na mbuzi wameng'ang'ania hapohapo. "Unaona, mwanangu? Hata mbuzi wanajua tuliishi hapa."

Wapimaji watasema hakuna awezaye kuikagua Longido yote kwa miguu, na kwamba setilaiti huonyesha malisho yanapokauka. Ni kweli, na mfugaji naye anaihitaji taarifa hiyo. Lakini kila picha ina mwezi wake. Alalili, malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi, ikipigwa picha Aprili ni pori lisilo na mwenyewe. Ipige Oktoba, utahesabu ng'ombe.