Barabara ikikatika, tulegeze viwango vya mafuta?

Wamarekani kimbunga kikiwapiga huwa wanalegeza viwango vya ubora wa mafuta kwa muda ili sheli zisikauke. Katrina 2005 walifanya hivyo, Harvey 2017 viwanda vya kusafisha mafuta Texas vilipofungwa wakafanya tena. Sasa na huku kwetu mvua zikichachamaa, magari yamekwama mlima Kitonga, Iringa, na petroli Mbeya inauzwa kwenye chupa, wapo wanaosema EWURA wanaosimamia biashara ya mafuta na TBS wa viwango nao wangelegeza kidogo. Sawa, ila tuangalie vizuri.

Wamarekani petroli yao ni ya aina nyingi. Kipindi cha joto lazima iuzwe ile isiyotoa mvuke mwingi, maana mvuke unachafua hewa ya miji, na kuna majimbo yana aina yao kabisa, kwa hiyo jirani anaweza kuwa na tenki limejaa na wewe huruhusiwi kuyauza kwako. Wakilegeza, mafuta yapo hapohapo. Na sheria yao inabana, ruhusa moja haizidi siku 20, na uhaba usiwe umeletwa na uzembe wa wauzaji kutojipanga.

Sisi je? Petroli ya Uyole kule Mbeya na ya Dar ni ileile, meli ileile. Kilichokosekana ni barabara, sasa ukilegeza kiwango cha salfa, ule uchafu wa kiberiti ndani ya mafuta, lori la tenki litapaa?

Halafu uchakachuaji, hapa ndo naogopa. Mnakumbuka zile zama za kuchanganya mafuta ya taa, mpaka ikabidi vinasaba, yaani kemikali ya alama ya kumnasa mchakachuaji, viwekwe na kodi ya mafuta ya taa ipandishwe 2011. Dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa inapoteza uwezo wa kulainisha vyuma, pampu ya Fuso inasagika taratibu, dereva anakuja kujua yuko katikati ya mlima na shehena ya viazi. Mtu wa mchezo huo ukimwambia viwango vimelegezwa wiki mbili, umemfungulia mlango.

Ila siwezi kusema hoja haina maana kabisa. Hatuna kiwanda cha kusafisha mafuta, kila lita inakuja na meli, na siku meli iliyo karibu ikiwa ni ya dizeli yenye salfa juu kidogo, jenereta ya hospitali haiwezi kusubiri. Moshi utakuwa mchafu, magari mapya yenye filta yatalalamika, Fuso za zamani zitaenda tu. Kwa hiyo salfa tunaweza kujadili, tena kwa tarehe ya mwisho iliyoandikwa, vinasaba hapana.

Kwa nyanda za juu mimi ningeanza na akiba, matenki Iringa na Mbeya yajazwe kabla ya masika. Bomba la TAZAMA, la kutoka Dar kwenda Zambia, linapita hukuhuku kwetu na dizeli ya Zambia ndani, hilo mbona hatuliulizii?