Uchaguzi Huru, Mradi Ashinde Wamtakaye

Mwanzoni mwa Februari 2013, nikiwa tayari nimehamia Ohio, Rais Barack Obama aliwatumia Wakenya ujumbe wa video akisema kwamba uamuzi wa nani awaongoze ni wao wenyewe na kwamba Marekani haina mgombea wake. Siku mbili baadaye Johnnie Carson, aliyesimamia masuala ya Afrika katika wizara ya mambo ya nje, aliongeza kwamba chaguo huwa na athari zake, na hapakuwa na Mkenya aliyehitaji kuelezwa kwamba waliokusudiwa ni Uhuru Kenyatta na William Ruto, waliokuwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mjomba wangu wa Nakuru, ambaye hakuwa shabiki wa Uhuru hata kidogo, alinipigia simu kunieleza kwamba sasa kura yake atampa. "Waambie hao watu wako tunazingoja hizo athari," alisema. Uhuru alishinda kwa asilimia 50.07, kesi yake ikaondolewa Desemba 2014, na Julai 2015 Obama akatua Nairobi na kupokewa na rais yuleyule.

Wapalestina hawakubahatika hivyo. Serikali ya George W. Bush, iliyokuwa ikihubiri demokrasia Mashariki ya Kati, ndiyo iliyosisitiza kwamba uchaguzi wa bunge wa Januari 2006 ufanyike, huku ikijua kwamba Hamas inashiriki. Waangalizi, akiwamo Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, waliuona kuwa huru na wa haki. Hamas ikapata viti 74 kati ya 132, na ndani ya miezi michache Marekani na Umoja wa Ulaya zikasitisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali mpya. Siitetei Hamas, iliyokuwa na historia ya kulipua raia ndani ya mabasi, wala sidai kwamba nchi inalazimika kumfadhili isiyemtaka. Ninachokataa ni kumwita mtu kwenye sanduku la kura, kisha kumwadhibu kwa alichotumbukiza humo. Tangu siku ile Wapalestina hawajachagua bunge jingine.

Sisi nasi si watakatifu. Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, ambao waangalizi wa kigeni, akiwamo John Kerry, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, walikuwa wamekwisha kuusifu, Uhuru aliwaita majaji wakora, na wengi wetu tuliipenda au kuichukia hukumu ile kulingana na mgombea wetu, bila kusoma hata fomu moja ya matokeo. Tofauti ni kwamba mjomba wangu akikasirika hana misaada ya kumkatia mtu.

Hapa Ohio, habari kwamba Urusi iliingilia uchaguzi wa 2016 ziliwakera wenzangu kazini kwa miezi mingi, nami niliwaelewa kabisa. Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, niliwasimulia lile onyo la 2013 lililotolewa kwa jina lao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amelisikia.